Sweta Langu na Ufalme wa Mawinguni

Sisi tuliosoma kidato cha pili Sumbawanga wakati maduka yanaanza kujaa tena, baada ya ile miaka ya foleni za sabuni, tunajua utamu wa kitu kipya. Ghafla kukawa na biskuti za kila rangi, mitumba inamwagwa sokoni juu ya maturubai, redio za kaseti zinaimba kila kibanda. Na vitabu vikaja, vile vyembamba vya mapenzi vyenye majalada ya kung'aa.

Kimoja kililetwa na baba yake mwenzetu Salma, mwenye duka, kutoka Mbeya. Jaladani kijana mwenye mabawa alikuwa amembeba msichana juu ya mawingu. Wasichana wa darasa zima tulipagawa. Salma akapanga zamu, siku mbili kila mtu, na mimi nikaangukia ya kumi na nne. Aliyefuata baada ya Salma alikuwa Agnes, mtoto wa wafugaji waliohamia kutoka Usukuma, ambaye asubuhi za mwezi wa saba alifika shuleni meno yanagongana.

"Nipe zamu yako, nikupe sweta langu," nikamwambia.

"La kuazima?"

"La moja kwa moja."

Akalivaa palepale, kabla sijabadili mawazo.

Jumamosi nikakaa jikoni na bibi yangu, yeye anachambua maharage, mimi namsomea huku namgeuzia kwa Kifipa. Mfalme wa mawinguni kampenda binti wa duniani, kambeba hadi kwake. Bibi akanikatiza.

"Huko juu wanakula nini?"

"Wali kwa kuku, bibi. Kila siku."

"Mpunga wanalima wapi?"

Nikafunua kurasa. Hakukuwa na shamba, wala jembe. Kuku walitembea juu ya wingu bila kudondoka. Yule binti alishinda na gauni la hariri, mabega wazi, anasema ni joto tamu. Jamani! Sisi tuliokulia Ufipa wingu tunalijua. Likishuka asubuhi huoni zizi la jirani, na nguo hazikauki siku tatu. Mabawa ya mfalme nayo yalipotea katikati ya kitabu. Akawa anapanda farasi na hakuna aliyeuliza. Mwisho wakaoana bila mahari, bila mjomba hata mmoja.

"Huyo mtoto ameibwa," bibi akasema. "Ndugu zake wakamtafute."

Nililia. Bibi alidhani namlilia yule binti, kumbe nalilia sweta.

Mama alipoligundua pengo kabatini nilisema kweli yote. Jumapili baada ya misa akanishika mkono hadi kwa kina Agnes kulidai. Tukamkuta mlangoni amelivaa, mdogo wake mchanga amemfunika nalo kifuani. Mama yake akatoka mbio na kibuyu cha maziwa ya mgando, anashukuru kabla hata hatujaketi. Mama yangu akanywa, akafuta midomo, akasema, "Tumekuja kuwajulia hali tu."

Njiani hakunigombeza. "Utakwenda shule unakimbia," alisema. "Utapata joto."

Nikakimbia mwezi mzima. Mwanzoni nilikimbia kwa aibu, baadaye Agnes akawa ananisubiri njiani, tunashindana.

Darasani niliwaeleza kwamba kitabu ni kibovu. Salma alinuna siku nzima. Kesho yake akaja na daftari jipya kutoka dukani kwao, akalibwaga mezani. "Haya, mkitengeneze nyie mnaojua."

Tukakitengeneza. Mimi nikaweka matuta ya mahindi na ulezi huko mawinguni. Agnes akaingiza ng'ombe, kila mmoja na jina lake. Salma akafungua duka na kumpa mfalme shangazi mkali. Wajomba wa binti wakapanda na fimbo kudai mahari. Wakati wa mapumziko tulisoma kwa sauti tumeegemea ukuta, kwenye jua, na siku binti alipoagana na mama yake hata kaka mkuu alisimama kusikiliza, akijifanya anafunga kamba za viatu.

Wanangu leo wana hadithi zisizohesabika ndani ya simu. Ikiwachosha mstari wa pili, wanaisukuma kwa kidole, wanafungua nyingine, kila mmoja kwenye kochi lake, kimya. Siwalaumu, huenda nyingi ni nzuri kuliko ile. Ila sisi kitabu kimoja kibovu kilitutosha muhula mzima, na hatukuwahi kukisoma peke yetu.