Mstari wa Clara

Mrisho Pazi alizaliwa akiitwa Bilali. Miezi yake ya mwanzo duniani alilia mfululizo na kukataa ziwa, mpaka bibi yake akatoa uamuzi kwamba mtoto hana ugonjwa wowote, ila jina ni zito. Ubani ukafukizwa, jina likavuliwa, akavishwa lingine, na kwa mujibu wa ukoo mzima kilio kilikatika jioni ile ile. Hakuna aliyechunguza zaidi. Tangu hapo jina la Bilali halikutajwa nyumbani kwao, maana ugonjwa ulioachwa nalo ungeweza kulisikia ukarudi.

Haya yangebaki mambo ya ukoo wa Pazi, kama Mrisho asingekuja kuajiriwa kutunza kumbukumbu za wagonjwa.

Zahanati yake iko Mapinga, mahali ambapo kila wiki linachomoza paa jipya la mtu wa Dar, na chini ya paa hilo watoto ambao jirani hawajui majina yao. Kwa miaka mingi alitunza majalada ya karatasi bila kumdhuru mtu. Karatasi ilikuwa na ustaarabu wake. Ukikosea unakata kwa kalamu, na kilichokatwa kinaendelea kusomeka chini ya mkato, kama mtu aliyefukuzwa kikaoni akabaki dirishani.

Kisha ukaja mradi. Kijana wa mradi huo, Herman, alishuka kutoka Dar na vishikwambi viwili, kimoja cha Mrisho na kingine cha Sista Mwanaharusi, muuguzi mfawidhi. Ndani yake mlikuwa na programu iliyofungua kanzidata yote ya watoto na kuitandika kama mkeka: kila mtoto mstari wake, kila jambo lake safu yake. Kwenye kona palikuwa na alama ya kufuli. Kufuli likifungwa, unatazama tu. Likifunguliwa, unabadilisha chochote.

Mrisho akauliza pa kubonyeza ili kuhifadhi. Herman akacheka, akamweleza kwamba mambo ya kuhifadhi yamepitwa na wakati. Programu inahifadhi yenyewe mara tu unapoinua kidole.

"Na nikikosea?"

"Usikosee, mzee."

Taarifa za majalada zilipokwisha kuingizwa humo karatasi zikachomwa, na kabla ya kuondoka Herman alibandika tangazo ukutani: kadi ya kliniki si lazima tena, taarifa zako tunazo.

Mrisho aliogopa, na hofu yake ilikuwa ya heshima. Alinawa mikono kabla ya kukigusa kishikwambi, akasoma bismillahi kabla ya kufungua kufuli, na alipotembea nacho alikishika kama bakuli la uji wa moto. Sista Mwanaharusi alimtania kwamba kitu hicho hakiumi. Alimjibu kwamba hata mbwa huambiwa hivyo, na mwambiaji huwa ni mwenye mbwa.

Hofu hiyo ingemtosha mpaka kustaafu. Lakini Herman alipiga simu kutoka Dar kusema watoto wa Mapinga wamezidi idadi ya watoto ambao Mapinga inaweza kuwa nao, kwa hiyo majina yanayojirudia yafutwe. Mrisho akaanza. Wa kwanza alikuwa mtoto aliyeandikwa mara mbili kwa jina lile lile; alimfuta jasho likimtiririka mgongoni, kisha akasubiri. Bati halikuanguka. Akafuta mwingine, na mwingine. Siku zilivyopita akawa anafuta huku anakunywa chai. Hofu ilikuwa imeanza kupungua, na huo ndio ulikuwa wakati ilipopaswa kuongezeka.

Ndipo akakutana na Clara Amedeus na Tina Amedeus. Mama mmoja, Klementina, mwalimu aliyehamia kutoka bara. Tarehe ya kuzaliwa moja. Clara aliugua mwaka uliopita, kisha hakuonekana tena. Tina alianza kuonekana baada ya hapo, mzima, mwenye mashavu.

Mtu asiyejua kitu angesema ni mapacha. Bahati mbaya Mrisho alikuwa anajua kitu. Alitabasamu. Kumbe hata hawa wa misheni wamejifunza: Clara lilikuwa zito, likavuliwa, akavishwa Tina. Na kweli, hakuwahi kumwona Mwalimu Klementina na mtoto zaidi ya mmoja.

Kioo cha kishikwambi kilikuwa kidogo. Kilionyesha safu nne. Zilizobaki, ukitaka kuziona, unaburuta kwa kidole kuelekea kushoto. Mrisho hakuburuta. Aliweka kidole juu ya mstari wa Clara, akakiinua, na mstari haukuwepo.

Siku ya kupima uzito Klementina alifika na Tina, akaketi mbele ya meza ya Mrisho, akamwamkia shikamoo. Mrisho akaitikia marahaba, na kwa kuwa alikuwa na moyo mweupe siku hiyo, akataka kumwonyesha kwamba hapa pwani mambo hayo yanaeleweka.

"Naona jina jipya limemkubali."

"Jina jipya lipi, mzee?"

"Hili la Tina. Si alikuwa Clara?"

Klementina alimtazama kwa upole wa mwalimu aliyezoea majibu ya ajabu. Akaeleza kwamba Clara ni pacha wake. Wawili kwa pamoja, na kazi ya ualimu juu yake, walimshinda, kwa hiyo mmoja hukaa naye na mwingine hukaa kwa bibi yao Vigwaza, wakipokezana. Clara alipougua mwaka jana bibi alimchukua, akamleta Tina. Na leo bibi amemrudisha Clara, anakohoa, usiku kucha amekuwa wa moto.

"Wameshaingia kwa Sista," akasema. "Mimi nikasema nipime huyu kwanza."

Mrisho aliandika jina la Clara mahali pa kutafutia. Vidole vyake viligusa herufi za jirani, akafuta, akaandika upya. Programu ilimjibu kwa adabu: hakuna kilichopatikana.

"Mwalimu," akasema, "huyo Clara kuna dawa iliwahi kumkataa?"

"Sindano. Ya hapa hapa. Alivimba uso, pumzi ikawa haitoki. Jina la dawa silijui, ila Sista aliyekuwepo alisema asichomwe tena maisha yake yote." Akainama kumfunga Tina kiatu. "Si mliandika humo?"

"Tuliandika," akasema Mrisho.

Sista aliyekuwepo alishahamishwa. Kadi ilikuwa Vigwaza, kwa sababu tangazo lilisema si lazima. Na bibi, aliyekuwa ndani na mtoto sasa hivi, hakuwepo siku ya sindano ile.

Kutoka meza ya Mrisho mpaka mlango wa Sista ni ukumbi mmoja wenye mabenchi mawili. Aliinuka akaangusha kiti, asikiinue. Akina mama waliokuwa kwenye foleni wakamuuliza kama naye leo anaumwa. Mmoja akasema mwacheni, mzee amekumbuka kuwa hajachanjwa. Wakacheka. Aliwapita na kishikwambi kifuani, na katika mwendo ule mfupi akili yake, ambayo siku zote alidhani ni ya mtu mwema, ilimtungia uongo ulio kamili: mtandao ulikatika. Kila mtu angeuamini. Mtandao wa Mapinga ulikuwa na historia.

Alisukuma mlango bila kubisha.

Bibi alikuwa amempakata Clara, paja moja wazi. Clara alikuwa Tina mwenye macho mekundu. Sista Mwanaharusi, sindano mkononi, alikuwa anatoa hewa kwenye ncha, na pembeni yake kishikwambi chake kilikuwa kimewaka, mtoto mpya, mstari mpya, safu ya dawa zinazomdhuru ikiwa tupu na safi.

"Sista, usimchome."

"Mzee Mrisho, toka nje."

"Si mtoto mpya. Alikuwemo. Sindano ya hapa hapa nusura imuue mwaka jana." Uongo ulikuwa bado upo, tayari, umepigwa pasi. "Nilimfuta mimi. Nilidhani ni mmoja."

Sista aliirudisha sindano kwenye sinia polepole, kama kitu kinachoweza kuamka. Alimtazama bibi, akamtazama mtoto, akatazama kioo chake kilichomwambia kuwa hakuna tatizo.

"Ningemchoma," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Mimi kwa mkono wangu."

Clara alipewa dawa nyingine, akapelekwa Bagamoyo kwa bajaji pamoja na mama yake, na baada ya siku chache akarudi akiwa na nguvu za kugombana na pacha wake. Mrisho alimwandika upya kanzidatani, lile onyo kwa herufi kubwa. Alilisoma mara tatu kabla ya kuinua kidole.

Lakini hofu ilikuwa haijamaliza kazi yake. Usiku wa siku ile Clara alipopelekwa Bagamoyo, kwa kuchelewa kama kawaida ya mambo muhimu, alikumbuka kwamba Clara hakuwa wa kwanza ambaye alimfuta akidhani jina lilikuwa zito. Asubuhi alimpigia Herman kuuliza mistari iliyofutwa inahifadhiwa wapi. Herman akaeleza, kwa fahari kidogo, kwamba kikifutwa Mapinga kinafutwa na Dar papo hapo. Ndiyo uzuri wake.

Siku hizi Mrisho akitoka kazini anapita nyumba hadi nyumba. Sista amemwachia kazi kwa sharti hilo, na hajamwambia sharti linaisha lini. Anaomba aonyeshwe watoto wote. Akina mama hawapendi. Watoto hawahesabiwi hivi hivi kama kuku, husuda ina masikio. Kwa hiyo hahesabu. Anaketi kwenye jamvi, anauliza jina moja moja na dawa iliyowahi kumkataa.

Jumamosi moja alifika kwa Mwanamvua, ng'ambo ya viwanja vipya. Mwanamvua akamtolea binti yake Mina, na alipoulizwa kuhusu Adila, mmoja wa wale waliofutwa, akashusha sauti: Adila ndiye huyu, lile jina lilikuwa zito, wakalivua.

Mrisho alimwamini. Ndilo jibu alilolitafuta kijiji kizima, mtu aliyefutwa kwa haki. Hata hivyo akasikia mdomo wake ukisema:

"Mwite Adila. Nione kama hatoki mwingine."

Uso wa Mwanamvua ukabadilika. Akamvuta Mina nyuma ya khanga yake. "Mzee, wewe ni mtu wa hapa. Unanitaka niliite jina lile, ugonjwa usikie?"

Upepo ukapita uani. Mrisho alitazama mlango wa chumba uliokuwa wazi nusu, giza ndani yake, akasubiri. Hakutoka mtu. Akasubiri tena kidogo. Kisha akafungua kufuli la kishikwambi, akautafuta mstari wa Mina, na kabla ya kugusa chochote akauburuta kuelekea kushoto, safu baada ya safu, mpaka kioo kikagoma kusogea.