Picha ya Ndege Isiyo na Babu

Nina hasira, na kubwa zaidi ni hasira juu yangu mwenyewe.

Likizo kubwa, mwalimu wetu alinipa kamera yake nimpigie picha za majengo ya zamani, toka kwetu Nyamitaba mpaka Walikale. Nikapiga kanisa la kwanza la matofali, nikapiga ghala kuukuu la kahawa. Jengo halikuangalii machoni. Kwa mtu mwenye haya kama mimi, hiyo njo kazi nzuri.

Picha ya mwisho nilimwekea Babu, baba ya mama, mwindaji wa Walikale. Mzungu mmoja mwenye shamba huko amejenga kibanda cha mabati, anakiita mize, yaani nyumba ya makumbusho. Ndani ameweka ndege iliyoanguka porini wakati wa vita. Kibao kinamsifu rubani. Hakisemi kwamba Babu na wenzake waliitoa msituni kwa mabega, wala kwamba injini ilimvunja mmoja wao mguu.

Babu alivaa koti lake la misa. Akaingiza bega chini ya bawa, kama siku zile.

“Piga, mama,” akaniambia, kama anavyoniita mimi mjukuu wake. “ Kijijini wanasema ninaota. Waone sasa.”

Mwenye shamba akatokea. “Wewe mutoto! Toa huyu muzee. Anaharibu foto.”

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza hata kujifanya sikusikia. Nikasema, “Babu, sogea kidogo.” Akasogea. “Tena kidogo.” Akasogea, akasimama wima akiamini kamera ingali inamwona. Nikabonyeza. Filimu ikaisha.

Njiani akaniuliza, “Nimetoka muzuri? Sikucheka hata kidogo.”

“Ndiyo, Babu.”

Akatangazia kijiji kizima kwamba picha yake na ndege inakuja.

Noeli nikampelekea picha, iwe yake. Mwalimu alikuwa ameisifu mbele ya darasa: ndege safi, hakuna kitu mbele yake. Babu aliiangalia, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena.

“Niko wapi?”

“Nilikutoa.”

“Muzungu njo alinitoa.”

“Yeye alisema tu. Mimi njo nilikusogeza.”

Jirani wa Babu, yule anayemcheka kila siku, akaingia, akanyoosha mkono: “Leta basi, tumuone mubeba-ndege!”

Babu akaitia picha ndani ya koti.

“Iko ya shule,” akasema. “Mutoto anairudisha kesho.”