Bibi harusi kwenye siti ya nyuma

Jamani, leo nimempeleka bibi harusi kanisani na hata kadi ya mwaliko sina!

Asubuhi nilikuwa naosha lile gari langu la Kimarekani la miaka ya sabini, refu ajabu, usukani kushoto. Mara namwona Mama Furaha, jirani yetu Mkongo hapa Hounslow, London, anakuja mbio.

Nikajua leo nasemwa. Kila wiki analalamika kwamba gari langu linaziba mtaa.

"Baba Neema, motokari yako inatembea?"

"Inatembea, mama. Naisogeza sasa hivi."

"Hapana! Furaha anaolewa leo, na gari ya harusi imeharibika njiani!"

Walishaita teksi, ila gauni halikuenea.

Kwangu liliingia lote. Siti ya mbele ni moja ndefu, tukakaa watatu: mimi, Mama Furaha na dada yake, wakiimba njia nzima. Hata basi lilitupisha!

Kufika kanisani, nikafungua mlango. Furaha hashuki.

Nikajiuliza: Kaghairi?

"Uncle, tuzunguke tena kidogo, please," akasema huku anacheka.

Mama akafoka, "Mchungaji anangoja!"

Kisha akawa wa kwanza kurudi ndani ya gari.

Tukazunguka. Nyie mngekataa?