Sauti Inayomkejeli Mwanangu Inatoka Chumba cha Pili

Admin, jina langu lifiche, ila maneno yangu usiyalainishe. Mimi ni bibi wa miaka sabini na kitu, mtu wa Muheza. Shule sikukanyaga, ndiyo maana nakutumia sauti uniandikie. Nakaa London, pande za Edmonton, kwa binti yangu ambaye ni mwalimu wa hesabu wa sekondari. Nililetwa kusaidia nyumba mumewe alipoondoka. Tuko watatu: mimi, binti yangu, na mjukuu wangu wa miaka kumi na nne. Huyo nitamwita Zawadi, si jina lake.

Ualimu wa huku mwanangu hakuuokota. Kwetu alikuwa mwalimu, kufika huku akaambiwa vyeti vyake havitoshi. Kawaogesha wazee wa watu miaka na miaka huku anasoma. Alipopata kazi ikawa shule ileile anayosoma Zawadi. Siku hiyo nilipika pilau, na Zawadi peke yake hakula. Akamwambia mama yake, "Shuleni usinisalimie. Nitakuita Miss kama wengine." Mama mtu akacheka, akakubali. Basi walimu wanajua kuwa ni mtu na mwanawe, wanafunzi hawajui. Mimi nikang'aka kuwa huyu mtoto anamwonea mama yake haya. Nikajibiwa, "Mama, watoto wa huku ndivyo walivyo." Jibu hilo limenichosha kuliko baridi yao.

Sasa majuzi ikatoka video. Mtu kampiga picha mwanangu kwa nyuma akiandika ubaoni, halafu juu yake kaweka sauti ya kumwigiza anavyozungumza Kiingereza chake cha kwetu. Shule nzima wakarushiana. Mwanangu alirudi, hakuvua hata koti, akakaa chini mlangoni kama mfiwa. Akanionyesha kidogo, akaizima. "Mama, wanasema nirudi Afrika nikafundishe mbuzi." Nilitukana matusi yote ninayoyajua. Nikasema aliyefanya hivi mama yake hakumlea, kamtupa tu duniani kama ganda la ndizi.

Kesho yake nikamwambia niwekee hiyo kitu niisikie yote. Akaniachia simu, akaenda kuoga, hakutaka kuisikia tena. Jamani, wengine wote walisikiliza maneno. Mimi Kiingereza sikijui, nikasikiliza sauti. Mwishoni kabisa yule mwigizaji kashindwa kujizuia, kacheka. Kacheka kwa kuvuta pumzi ndani, kama mtu aliyepaliwa na maji. Hivyo alikuwa anacheka marehemu mume wangu. Siku hizi anacheka hivyo mtu mmoja tu, na analala chumba cha pili.

Nilimsubiri aliporudi, mama yake hajafika. Siku zote mimi naye ni utani, namwita mke mwenzangu, ananiita kizee changu. Siku hiyo hakukuwa na utani. Nikamwambia, "Vua hayo makorokoro masikioni. Mama yako kakufanya nini?" Akajidai haelewi. Nikamwigizia kicheko chake. Akasawijika, akaanza kuzungumza Kiswahili, na Zawadi huwa hazungumzi Kiswahili ila akiwa na shida.

"Bibi, walianza kuniuliza kama ni mama yangu. Kila siku. Nikasema simjui. Wakasema kama humjui, basi mwigize tusikie."

"Ukamwigiza."

"Bibi, wewe hujui shule."

"Shule sijui, lakini titi najua! Ulinyonya la nani, la mwalimu wa jirani? Shetani mkubwa wewe! Ungekuwa Muheza ningekuchapa mpaka watu waje kunishika."

Akanitolea macho. "Nichape. Hapa wanaita polisi." Mtoto niliyemkanda mgongo alipougua! Kisha akalia, na mimi mjinga mkono wangu wenyewe ukaenda kumfuta kamasi. Nampenda na namchukia kwa mkono huohuo mmoja.

Nikampa mpaka Jumapili iliyopita aseme mwenyewe. Hakusema. Sasa ndipo pabaya. Video Zawadi anasema aliipiga mwenyewe akipita mlango wa nyuma, ila inaonekana ilipigwa kutoka kona ya nyuma, na kona hiyo anakaa binti mmoja mtukutu. Mwanangu mwenyewe ndiye aliyemtaja. Binti wa watu kasimamishwa, yuko nyumbani, na Jumatatu inayokuja kuna kikao cha kumfukuza moja kwa moja. Mwanangu ananisimulia anakata vitunguu, "Mama yake nilimkuta mapokezi analia, anaapa siye. Nikampita. Na wao wapate kulia." Sikumjua. Huyo si mtoto niliyemlea mimi, ila maumivu yamemgeuza. Na toka binti yule asimamishwe mwanangu analala, anakula, anaimba jikoni. Zawadi anamsikia akiimba, ananiangalia mimi.

Nikinyamaza, mtoto wa mwenzangu anafukuzwa kwa kosa la damu yangu. Nikisema, mwanangu atajua sauti ile ni ya tumbo lake, na itabidi aende na miguu yake mwenyewe kumshitaki mwanawe. Hapo sijui kama ataingia tena darasani, wala kama atamtazama tena Zawadi usoni. Zawadi kaniapia kuwa nikisema, basi mimi si bibi yake tena.

Asije mtu hapa kuniambia niombe, nimeomba mpaka magoti yamevimba. Na anayetaka kuniambia ni mambo ya watoto, apite kimya, nisije nikamjibu. Mtoto yule siwezi kumwacha afukuzwe. Nitasema, na nitasema kabla ya Jumatatu. Lakini mimi ambaye sijawahi kukosa neno toka nizaliwe, jana nimekaa mbele ya mwanangu, kanipakulia ugali, kaniuliza, "Mama, mbona huli?" Nikafungua mdomo, pakavu. Nyinyi mliosoma, na nyinyi mliozaa, nisaidieni: neno la kwanza nimwambie lipi?