Aliyepona Hahesabiwi

“Ugonjwa huu unaua kweli, au watu wanakuza maneno?”

Dada yangu aliniuliza hivyo mwaka wa hamsini na saba, akiwa amesimama mlangoni pa chumba chake katika kambi ya mgodi karibu na Geita. Mimi, niliyekuwa na la kusema juu ya kila kitu, sikuweza kumjibu.

Nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu, ng'ambo ya ziwa. Huko nilikuwa nimejifunza swali moja nililolipenda kuliko yote: umejuaje? Nililiuliza kanisani, nikaliuliza barazani, nikamuuliza hata Mama jikoni, naye akanionyesha mwiko.

Mama ndiye aliyenituma kambini. Nyumbani kwetu ni upande wa Kharumwa, na kwa Mama mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake mzaa mama. Mjadala hakuutaka. Dada alikuwa amebakiza muda mfupi ajifungue. “Mjukuu wangu hazaliwi kwenye vumbi la mgodi,” alisema. “Nenda ukamlete.” Angekwenda mwenyewe, lakini ulikuwa msimu wa kuuza pamba, na pamba ilikuwa ikimwamshia pumu. Akikaa karibu na marobota, usiku hulala ameketi, mgongo ukutani, akivuta pumzi kama mtu anayekokota gogo.

Wakati huo habari za mafua mapya zilikuwa zimetufikia. Gazeti lilisema yametoka Asia yakaingia kwa meli, kisha yakapanda bara. Wengine walisema ni mafua kama mafua mengine. Wengine walisema yanafyeka watu. Nilipanda lori la mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka mahindi mgodini, na njia nzima dereva na abiria wake walibishana juu ya hilo tu.

Nilifika Jumapili, soko la kambi likiwa limejaa. Watu walikuwa wamewazunguka wawili waliokuwa wakirushiana maneno. Mmoja alikuwa dresa, yaani mganga msaidizi, wa zahanati ya mgodi, mtu mnene mwenye kaptula iliyopigwa pasi. Mwingine alikuwa mama wa Kizinza aliyekuja kuuza samaki wakavu kutoka Chato.

“Nimegawa vidonge mpaka vimeniishia,” dresa alikuwa akisema. “Wamekohoa, wametetemeka, wamerudi shimoni. Nani amekufa? Nitajieni mmoja!”

“Njoo kwetu ziwani nikuonyeshe makaburi,” yule mama akajibu, mkono kiunoni.

“Mmezika wazee, mayu. Wazee hufa hata bila mafua.”

“Kwa hiyo mzee si mtu? Baba yako ana umri gani, Bwana Dresa?”

Watu wakaangua kicheko. Dresa naye akacheka, ila akapandisha sauti. “Hapa kambini hata mwanamke mwenye mimba sijamwona akiugua. Hata mmoja!”

Sikuweza kunyamaza. Nikajipenyeza na mzigo wangu wa michembe, viazi vikavu vya nyumbani, kichwani, nikamwamkia, nikamuuliza kama wafanyakazi wa mgodi hupimwa kabla ya kuajiriwa.

“Kila mmoja. Kifua, macho, mpaka meno. Mgonjwa haajiriwi.”

“Na akizidiwa akiwa hapa?”

“Anapandishwa lori la mgodi, anarudishwa kwao. Yeye, au mkewe, au mtoto. Hapa ni mahali pa kazi, si pa kuuguzana.”

“Basi hapa wako vijana wenye vifua imara tu,” nikasema, “na atakayekufa anakwenda kufia kwao. Utamwonaje maiti, Bwana Dresa, kama kila anayeelekea kufa unampandisha lori?”

Soko likashangilia. Mama wa samaki akanipa mkono. “Huyu ndiye msomi! Mwambie!”

Lakini swali langu halikuwa na rafiki. Nikamgeukia yeye. “Na ninyi, mama, hao mliowazika mnawajua. Waliougua wakapona ni wangapi?”

“Aliyepona nani amhesabu? Si yuko shambani kwake.”

“Basi hata wewe hujui. Kama kijiji kizima kiliugua wakafa wachache, huo ni ugonjwa mwingine kabisa na ule unaoua kila unayemshika.”

Akauachia mkono wangu. Mchimbaji mmoja aliyekuwa amekaa juu ya debe, akitafuna karanga, akanitazama kwa utulivu. “Dada msomi,” akasema, “umebomoa nyumba mbili. Sasa sisi tulale wapi?”

Wakacheka tena, safari hii wakinicheka mimi. Niliondoka nikijiona mshindi hata hivyo.

Shemeji yangu alinipokea mzigo, akanipeleka kwenye safu ya vyumba vya wenye ndoa. Dada hakutoka kunikumbatia. Alisimama mlangoni, amejiziba mdomo na pua kwa khanga.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Kaa hapo hapo, nje kuna hewa.” Shemeji akaniwekea kigoda upenuni. “Mimba hii imenifanya nichukie harufu za watu,” dada akasema. Sauti yake ilikuwa inakwaruza. Nikadhani ni vumbi la mgodi.

Akauliza habari za nyumbani, pamba, ng'ombe, majirani. “Na pumu ya Mama?”

“Ile ile. Juzi hakulala kabisa.”

Ndipo akaniuliza swali lile la mafua. Nilimweleza yote niliyoyasema sokoni: kwa nini dresa hajui, kwa nini mama wa samaki hajui, kwa nini gazeti nalo huenda halijui. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameegemea mwimo wa mlango.

“Hayo ni ya kwao. Wewe unasemaje?”

“Sijui.”

“Mtu mwenye kifua kibovu, je?”

“Sijui, dada. Hakuna anayejua.”

Nilidhani anaiogopea mimba yake na safari ile ya lori lililojaa watu wanaokohoa. Nikamwambia nyumbani hatujasikia mgonjwa bado, angekuwa salama zaidi kuliko kambini. Akatikisa kichwa.

“Mwambie Mama siji. Nitajifungulia hapa.”

Nilibembeleza, nikagomba, nikamtajia mila ambazo mimi mwenyewe nilikuwa siziamini. Hakubadilika. Alinipangia kulala kwa jirani, akisema chumba chao ni kidogo, na asubuhi nikaondoka na lori la kwanza bila kumgusa mkono.

Mama aliyapokea maneno yale kama kofi. Mtoto alizaliwa kambini, wa kike, mzima, na Mama hakwenda kumtazama mpaka alipokuwa ameanza kutembea. Kwa miaka mingi, kila binti wa jirani aliporudi kujifungulia kwao, Mama alisema, “Wengine wana mama.” Dada alilisikia neno hilo zaidi ya mara moja.

Mimi nilirudi chuoni nikiwa na hakika kwamba “sijui” yangu ilikuwa jibu la kweli kuliko yote yaliyosemwa sokoni pale. Bado naamini hivyo. Ila nimeshangaa mara nyingi jinsi jibu la kweli linavyoweza kumwacha mtu peke yake na uamuzi. Dresa angemwambia nenda. Mama wa samaki angemwambia usiende. Mimi nilimwachia swali lake kama alivyonipa.

Mama alikufa mzee sana. Baada ya matanga, mimi na dada tulikuwa tumekaa sakafuni tukigawana khanga zake. Dada aliinua moja, akainusa, akaanza kusema bila kunitazama.

“Siku ile ulipokuja kunichukua, ndiyo kwanza nilikuwa nimeweza kusimama baada ya mafua yale. Mume wangu alikuwa akininywesha uji kwa kijiko. Ningekwambia, ungemwambia Mama, na Mama angekuja kwa miguu na pumu yake.”

Nilimuuliza kwa nini hakwenda zahanati hata kuomba vidonge.

“Kwa yule dresa?” akasema. “Angenipandisha lori anirudishe kwa Mama.”