Mashine Waliyoiita Muongo

Kuta za nyumba zetu hapa Kaloleni ni nyembamba, na mimi sijawahi kujifanya sisikii. Ndiyo maana mwaka mzima ule nilijua Zuleha anasoma nini na amesahau nini, mpaka nikaona hata mimi ningeweza kumzalisha mama mjamzito.

Zuleha ni jirani yangu, mlango kwa mlango. Alikuwa amemaliza chuo cha uuguzi, akabakiza mtihani wa leseni. Bila leseni hakuna hospitali itakayokuruhusu kumgusa mgonjwa. Aliufanya mara ya kwanza akaanguka, akalia mpaka sauti ikakauka. Mume wake, Shakir, akamwambia safari hii watausoma wawili.

Na kweli waliusoma wawili. Shakir alikuwa muuza mananasi, mtu wa mzaha asiyejua kunyamaza. Akirudi jioni anaoga, anakula, kisha anajilaza chali kwenye mkeka na kugeuka mgonjwa.

"Sista, kichwa inaniuma," anasema.

"Imeanza lini?"

"Siku mingi, sista. Na macho inaona ukungu."

"Wewe umesoma kitabu yangu!" Zuleha anamwambia, na wote wawili wanacheka. Mimi huku kwangu nachambua omena, dagaa wa ziwa letu, na kucheka nao.

Walikuwa wamenunua mashine ya presha ya mtumba pale soko la Kibuye. Zuleha alipomfunga kitambaa mkononi mara ya kwanza, kipimo kilikuja juu sana akashtuka. Shakir akasema muuzaji amewadanganya, mashine ni mbovu. Mwanaume kijana kama yeye, anayeinua gunia la mananasi peke yake, presha itoke wapi? Zuleha naye akakubali, maana vitabuni ugonjwa ule ulikuwa wa wazee na wanene. Mashine wakaibatiza jina, Muongo. "Leta Muongo tufanye kazi," Shakir alikuwa akisema kila jioni. Muongo akitaja namba yake kubwa, wanamzomea, Zuleha anaandika namba nzuri ya kubuni, kisha wanaendelea na maswali.

Shakir alianguka Sondu, sokoni, akipakia mananasi. Walipomfikisha hospitalini alikuwa ameshakwenda. Daktari alisema mshipa umepasuka kichwani, na katika vilio vile hakuna aliyeuliza umepasuka kwa nini. Kabla jua halijatua alikuwa ameshazikwa, kama Waislamu wafanyavyo. Sisi kwetu hata kamati ya mazishi ingekuwa haijakaa. Nilirudi kutoka kwa kazi nikamkuta jirani yangu ameshakuwa mjane, na mkeka umeshakunjwa.

Akaingia edani. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, nguo zisizo na pambo, bila hina wala manukato. Sikuipenda, nasema wazi. Si kwamba mila zetu sisi Wajaluo kwa wajane ni tamu, la hasha, lakini mtihani ulikuwa unaangukia ndani ya siku zile, na kule Bondo kulikuwa na zahanati iliyoahidi kumshikia nafasi akifaulu. Nani angemruhusu atoke? Mama mkwe wake, Mama Obeid, alikuwa amehamia pale kumlinda. Nilimwona mkali, mwenye neno moja kwa siku.

Basi nikajipa kazi ya kuingia kila alasiri na kumfungulia kitabu. Zuleha alikuwa anaangalia ukurasa asiousoma. Siku moja nikachoka. Nikachukua Muongo juu ya kabati, nikakunja mkono wa gauni.

"Haya sista, nipime mimi. Mimi ni mgonjwa wako leo."

Nilitaka acheke tu, Mungu anajua. Alinifunga kitambaa polepole. Mashine ikavuma, ikatulia. Mia moja kumi na nane kwa sabini na sita.

"Iko sawa?" nikauliza.

Akapima mkono wa pili, ikaja karibu vilevile. Akajipima yeye mwenyewe, ikawa sawa. Nikaona uso wake unabadilika, na hapo ndipo na mimi nikaelewa.

"Mama Terry," akasema, "mashine ni nzima."

Alilia kilio ambacho sikukisikia hata jioni ile ya msiba. "Aliniambia kichwa inauma. Kila siku aliniambia! Mimi ni muuguzi gani? Siendi mtihani. Sitashika mtu mwingine."

Mama Obeid alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote. Nilidhani atamfukuza, na nilikuwa tayari kugombana naye hapohapo. Mama yule akaja akakaa chini kwa shida, kwa sababu ya magoti yake, akanyoosha mkono wake mkavu mbele ya mkwe wake.

"Nipime," akasema.

Zuleha akatikisa kichwa.

"Nipime, mwanangu. Shakir alilala kwa huo mkeka ndio ufaulu. Nimeshauliza kwa sheikh. Mchana unaweza kutoka kwa jambo la lazima, jua likizama uwe nyumbani. Mimi nitakupeleka."

Zuleha akampima huku machozi yakidondoka juu ya kitambaa. Presha ilikuwa juu kidogo, na mama akaanza dawa wiki ileile.

Siku ya mtihani walitoka wawili, mmoja amevaa nyeusi, mwingine amebeba chupa ya chai. Mama Obeid alikaa nje ya geti mpaka mwisho. Waliporudi jua lilikuwa bado juu ya ziwa. Nikawapokea na uji, nikauliza maswali yalikuwaje.

Zuleha alikaa pale mkeka ulipokuwa ukitandikwa.

"La kwanza kabisa," akasema, "lilikuwa la mwanaume kijana. Kichwa kinamuuma, macho yanaona ukungu, na presha yake iko juu sana. Wakauliza, muuguzi afanye nini."

Mama Obeid akageukia ukutani.

"Ukajibu?" nikamuuliza.

"Nimejibu. Apimwe tena, mkono wa pili, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo." Akafunika uso kwa mikono. "Nimelipata lote, Mama Terry. Hilo sikukosea."