Betri Nilizoanika Macalder

Siku ile ya Macalder, kwenye machimbo ya dhahabu, naikumbuka yote, mwanangu, na bado sijaielewa. Ilinirudia jana nilipokuona ukianika betri ya simu yako juu ya bati la jikoni. Leo umeirudisha, simu imewaka, na unazunguka nayo nyumba nzima ukijisifu. Nimekuacha ufurahi. Lakini kesho unavuka ziwa kutoka Muhuru Bay kwenda kisiwa cha Rusinga na watu sita, na simu itakayokuwa ndani ya boti ni hiyo moja. Kaa hapa kidogo.

Miaka ya tisini sisi hatukuwa na simu. Nilikuwa kijana wa kuchimba dhahabu, na kichwani sikuwa na kingine ila mpira. Tulishuka shimoni tochi tumezifunga kichwani kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Sasa betri za tochi yangu nilikuwa nimezitia kwenye redio wiki nzima, nikisikiliza mechi, mpaka zikachoka. Nikafanya kama kila mtu alivyofanya: nikazianika juu ya jiwe, zikala jua kutwa nzima. Kesho yake tochi ikawaka mpaka nikashangaa. Mwenyewe sijui jua huifanyia nini betri.

Mkubwa wetu pale alikuwa mzee tuliyemwita Jaduong', jina la heshima kwetu. Hakuchimba tena. Alikaa mdomoni mwa shimo na kumuuliza kila anayeshuka swali moja tu.

"Mwanga uko?"

"Uko, Jaduong'," nikajibu, nikamwashia usoni akafumba macho.

Niliona aibu kumwambia kwamba betri nimezimalizia kwenye mechi. Nyuma yangu akashuka binamu yangu Ouma. Siku hiyo hakuwa na tochi, alitegemea yangu.

Kule chini njia iligawanyika kuwa mbili. Moja ilitoka nje, nyingine iliishia kwenye shimo la zamani lililojaa maji. Tulikuwa tumeshajaza gunia la mawe, tunaanza kurudi, tochi ikafifia, ikawa nyekundu, ikazimika. Nikaifungua kichwani, nikaigongagonga, nikajaribu kuzigeuza betri, moja ikaanguka. Nikapiga magoti kuitafuta. Nikageuka huku, nikageuka kule, nikapapasa, sikuiona. Mpaka leo sijui niligeuka mara ngapi. Nilipoinuka sikujua tena tulikotoka.

"Twende, ni huku," nikasema.

"Huku wapi? Mimi naona ni huku!"

Ati anaona, na giza lile! Nikamshika mkono nikaunyoosha upande wangu. Naye akaushika wangu, akaunyoosha kwingine. Nikawa na hakika kwamba amekosea yeye. Halafu nikaona nimekosea mimi. Halafu nikasahau yeye alisema wapi. Niliogopa, sitakuficha. Ouma alikuwa na mke na mtoto mchanga nyumbani, na niliyesema mwanga uko ni mimi. Mwishowe tukatambaa kuelekea upande wangu, si kwa sababu ulikuwa sawa, ila kwa sababu nilipaza sauti zaidi.

Mkono wangu ukaingia kwenye maji baridi. Njia tuliyoingilia haikuwa na maji hata tone.

"Ouma, usisogee. Kaa hapo hapo."

 Sijui tulikaa muda gani, kwa sababu hata muda ulinipotea. Ndipo mwanga ukatokea nyuma yetu.

"Vijana, mnaenda wapi huko?"

Alikuwa Jaduong'. Ameona tumechelewa, akashuka mwenyewe na yale magoti yake mabovu.

Tulipofika juu hakunifokea. Aliifungua tochi yangu, akaitoa betri iliyobaki, akaibonyeza kwa kidole gumba. Ilikuwa laini, inatoa majimaji.

"Hii umeanika kwa jua?"

"Ndiyo, Jaduong'."

"Si ungeniambia tu huna?"

"Niliona aibu."

Akatia mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa betri mbili mpya. "Hizi ziko hapa tangu asubuhi. Kila mtu namuuliza kama mwanga uko. Unafikiri nauliza ya nini?"

Nililia mbele ya watu, mwanangu. Siku zote nilidhani mzee yule ananikagua.

Basi sikia. Betri iliyochoka ukiipasha joto huwaka vizuri hapa nyumbani, penye watu wa kuisifu, halafu ikakuacha njiani. Na hiyo yako imeanza kuvimba. Usiianike tena wala usiisogeze karibu na moto, isije ikatupasukia. Kitu usichokiamini usikitegemee kwa maisha yako, sembuse ya wenzako sita. Na mtu akikuuliza kama unacho, nawe huna, sema huna. Huenda amekuwekea.

Sasa nakuuliza, na usifikiri nakukagua: simu ya kuvukia ziwa unayo? Yangu iko pale mezani, imejaa chaji tangu asubuhi. Ichukue. Mungu akutulizie maji kesho, akufikishe Rusinga, akurudishe na hao sita wote salama, na uje uniwekee simu yangu mkononi kwa mkono wako mwenyewe.